Mlango Mmoja wa Shule ya Busale

Jumatatu, 3 Juni 1912

Barua imetoka misheni. Mchungaji Mzungu anakuja Busale Jumamosi kuhesabu watoto. Wakipungua thelathini, shule inafungwa, watoto wanapelekwa kwa Mwalimu Hezroni kule Makwale, na mimi, Mwalimu Andongwisye, narudi misheni kufyatua matofali. Matofali! Mimi niliyevaa koti mbele za watu miaka miwili!

Leo darasani walikuwa tisa. Wa tisa alikuwa anatafuta ndama wake. Alipomwona nyuma ya shule akaaga.

Wengine wako wapi? Wavulana wanachunga ng'ombe. Wasichana wako kwenye mpunga wanafukuza ndege. Na wazazi wakikutana nami njiani huniuliza kwa upole, hiyo shule yako inaendeleaje? Shule yako! Utadhani nafuga kuku mle ndani.

Mke wangu Neli ameshauri nikazungumze na wazazi. Nimemwambia mambo ya elimu awaachie wenye elimu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamua kuzungumza na wazazi. Wazo langu mwenyewe.

Nilianza kwa Marta, mama wa watoto sita. Nikamwambia Wadachi wa bomani watakasirika. Marta, bila kuacha kuchambua maharage yake, akauliza kama hao Wadachi watakuja kumfukuzia ndege shambani. Akanipa mkungu wa ndizi, nikamshukuru, ndaga, nikaondoka nao kichwani kama mpagazi.

Kisha kwa baba yangu, mzee Anyosisye, ambaye wazee wenzake wote humsikiliza. Nikamwomba awaamuru watoe watoto. Akasema hawezi kuamuru watu kwa jambo ambalo hata yeye hajaelezwa. Niwaite, niwaeleze. Halafu akauliza ng'ombe watachungwa na nani. Nikasema, tata, hilo nitalifikiria.

Na nani nakutana naye kivukoni? Hezroni! Ana watoto hamsini na wawili na tabasamu lisilo la Kikristo. Akanishauri bila kuombwa. Ati masomo yaanze ng'ombe wakisharudi. Ati kina baba niwaite siku yao na kina mama siku yao, kwa sababu ya wakwe.

Kama vile sijui! Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe hata siku moja. Akimwona kwa mbali hujifunika nguo na kuingia migombani mpaka mzee apite. Hata sisi tuliobatizwa tunashika hilo. Na Busale hii, nusu ya kina mama ni wakamwana wa nusu ya wazee.

Lakini mikutano miwili? Maharage yapikwe mara mbili, hotuba itolewe mara mbili? Hezroni hana akili ya mipango.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Mkeka!

Nimeazima mkeka wa Marta wa kuanikia mpunga, mkubwa ajabu, nikaufunga kwenye mti mrefu nilioulaza juu katikati ya darasa, ukuta hadi ukuta, upenyo wa mtu mmoja ukabaki pembeni. Kina mama watakaa upande wa ndani, wazee upande wa mlango. Nimewaambia kina mama kwamba mkutano ni wao peke yao. Wazee nimewaambia kwamba wakisikia wanawake wakiimba, hao wako nje nyuma ya shule. Nimewakataza pia kukohoa, kwa heshima ya elimu. Mimi nitasimama pembeni, mwisho wa mkeka, nionwe na pande zote mbili.

Neli ameuliza mkeka ni wa nini. Nikamjibu ni wa kuzuia upepo. Akaniambia nyumba ya shule ina mlango mmoja tu. Nikamwambia ninajua kuhesabu, ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu! Mungu wangu!

Ilianza vizuri. Kina mama waliingia kwanza, kumi na tisa, Neli mbele. Nikawaimbisha wimbo kwa nguvu. Huku wanaimba, wazee wakaingia taratibu, wakakaa. Hakuna aliyejua. Nilikuwa najipongeza moyoni.

Baba yangu akakohoa.

Kikohozi cha baba hakina mfano kijijini. Nilimwona Neli akikauka. Kina mama wakaanza kuvuta nguo kichwani, mmoja mmoja, na mimi kwa kutaka kufunika jambo nikapaza sauti. Nikasema shule ni mtoto wetu sote! Nikasema baba na mama washikane mikono! Nikanyoosha mikono yangu miwili kuwaonyesha namna ya kushikana.

Mkono wa kushoto ukapiga ule mti.

Mkeka wote ukaanguka. Wakamwana, uso kwa uso na baba wakwe! Neli na baba yangu walikuwa hatua tatu tu. Kelele gani ile! Wazee walifunika macho wakainama. Kina mama hawakuwa na pa kutokea, maana wazee walikuwa wamekaa mlangoni. Basi wakatokea ukutani. Mianzi, udongo, kila kitu! Marta alitangulia kwa bega, wenzake wakafuata, na kwa kufumba na kufumbua nikaiona migomba ya jirani kupitia ukuta wa shule yangu.

Maharage hayakuliwa na mtu.

Ijumaa, 7 Juni

Watoto leo: hakuna. Hata yule wa ndama.

Neli amekwenda kwa mama yake, kule Njisi. Kabla ya kuondoka alisema maneno machache, yote ya kweli, sitayaandika. Nyumba imenishinda. Nimeunguza ndizi. Nimelia kidogo, kwa sababu ya moshi na kwa sababu ya Neli.

Baba ametuma mjumbe. Nitoe jogoo wa kumpatanisha na mkamwana wake aliyemwona kwa kosa langu. Jogoo wangu ni mmoja tu! Nimemtoa.

Mchungaji anafika kesho. Nimepima lile tundu. Nikisimama hapo nimefungua koti, nafunika robo.

Jumamosi, 8 Juni

Alfajiri nikasikia mapanga. Wamekuja kuniua! Nikakimbilia migombani, nikalala chini.

Hata hawakuniita. Mbele ya shule walikuwepo baba na wazee, wanapasua mianzi. Nyuma walikuwepo kina mama, wanakanda udongo, na Neli yumo, amerudi! Nyumba ilikuwa katikati yao, hakuna aliyemwona mwenzake. Na nani anazunguka huku na huku kupeleka maneno ya pande zote? Hezroni! Nilitafuna jani kwa hasira.

Nilisikia yote. Kumbe jana baba alimtuma Hezroni awaulize wazazi nyumba kwa nyumba. Wazee walisema tundu lisizibwe, likatwe vizuri liwe mlango wa kina mama. Kina mama wakajibu kwamba mlango ukiwepo watakuja wenyewe kuona watoto wanafundishwa nini. Marta akasema watoto wake watapokezana, watatu kwenye ndege, watatu darasani. Wazee wakakubali masomo yaanze ng'ombe wakisharudi. Jambo zima likaisha kabla udongo haujakauka.

Mchungaji akafika. Akahesabu watoto arobaini na watatu! Akauliza shule ya nani imepata milango miwili. Baba yangu akajibu, shule yetu.

Nilishtuka. Yetu? Tangu lini?

Ndipo mchungaji akaniona nikitoka migombani na majani kichwani. Nikamwambia nilikuwa nakagua shamba la shule. Neli alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Amelala nyumbani leo. Namshukuru Mungu.

Jumapili, 9 Juni

Nimefikiri wakati wa mahubiri. Mkeka usingeanguka, ukuta usingebomoka. Ukuta usingebomoka, mlango wa pili usingepatikana. Kwa hiyo kila kitu kimetokana na mpango wangu. Hezroni alitaka kunieleza jambo kuhusu kuwauliza watu kwanza. Nilimhurumia.

Mchungaji amefurahi mno. Anataka wazazi wa Busale, baba na mama, waende ufukweni kwa Wakisi, wale wafinyanzi, wakawaonyeshe wazazi wa shule ya kule namna tulivyofanya. Safari ni ya ziwani. Hezroni ameshauri mitumbwi miwili.

Miwili! Mtu huyu hajifunzi.

Nimekwisha kuazima mmoja, mrefu. Wazee watakaa mbele, kina mama nyuma. Marta amekataa kutoa mkeka tena, lakini hilo halinitishi. Katikati nitasimama mimi mwenyewe, nimefungua koti.

Na mtumbwi hauna ukuta. Hakuna kitakachobomoka.