Mashine Yangu Haihami

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji amenunua laptopu mpya. Amekuja nayo dukani kunitambia. Eti amepita kusalimia tu. Mtu wa kusalimia hafungui zipu ya begi kabla hajakaa. Kaitua ukingoni mwa meza, kaifungua kwa kidole kimoja, halafu kaigeukia kompyuta yangu ya mezani na kuitazama kama mgonjwa wa siku nyingi. Akaniuliza nitahama lini.

Nikamwambia sihami. Mashine hii imechapa kadi za harusi za mtaa mzima, na barua za talaka za baadhi yao. Mtaani naitwa Katibu kwa sababu yake. Skrini ni ya kichogo, ndiyo. Sipiyu inanguruma, ndiyo. Herufi zimefutika kwenye kibodi, lakini vidole vyangu vinajua njia. Na skrini imekaa juu ya kipande cha ubao nilichokata kwa mkono wangu, sawasawa na macho. Yeye ana ubao?

Mke wangu alisubiri kwanza mdogo wake aondoke. Ndipo akasema. Yeye ni fundi cherehani, chumba ni chetu sote, na meza ni moja. Mashine yangu imeikalia yote, kwa hiyo yeye anakata vitambaa sakafuni. Amesema magoti yamemchosha, nitafute kompyuta ndogo. Nikasema nitafikiria. Sitafikiria.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani amekuja mwenyewe. Huyu ndiye mteja wangu mkubwa, bila mitihani yake hili duka ni jina tu. Sasa anasema mwaka huu maswali hayatoki nje ya ofisi yake. Kuna shule mtihani wa hesabu ulivuja kwa mchapaji, watoto wakafaulu wote, hata yule ambaye hakufika. Kwa hiyo mchapaji atamfuata yeye ofisini na kompyuta yake, achape mbele ya macho yake. Printa wanayo. Kompyuta ya shule ilikufa zamani, wanawekea maua juu.

Shemeji alikuwa mlangoni, si kawaida yake kukosekana. Akasema yeye anaweza hata sasa hivi. Mwalimu mkuu akajibu tuje Alhamisi asubuhi, atachagua mwenyewe.

Mke wangu naye akaona hapo ndipo pa kusemea. Kazi ya shule ikinipita, meza inakuwa yake, na mimi nitamshonea vifungo vya sare. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi, Katibu, nishone vifungo! Haitatokea.

Jumatano, 5 Juni

Nina mpango. Nani kasema kompyuta ya mezani haibebeki? Toroli lipo. Jirani anayeuza saruji ameniazima lake, mradi nisilikwangue rangi.

Nimefanya majaribio uani. Skrini mbele, sipiyu nyuma, kipande cha ubao pembeni, kibodi nimeichomeka kiunoni. Mke wangu alitoka, akatazama, akarudi ndani, akafunga mlango. Nadhani amevutiwa.

Alhamisi, 6 Juni

Niliifunika mashine kwa shuka ili vumbi lisiingie. Hapo nilikosea kidogo. Watu walidhani nimebeba maiti. Mama mmoja alinifuata huku akinipa pole, wakaongezeka wengine. Fundi viatu wa pale kona akavua kofia na kuuliza ni nani. Nikamjibu ni kompyuta. Akamwambia mwenzake majonzi yamenipanda kichwani. Lakini walinisukumia toroli kilima chote, kwa hiyo shuka lilikuwa wazo zuri.

Nafika shuleni, shemeji yumo ofisini, laptopu iko wazi, anakunywa chai ya mwalimu mkuu. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Nilijiona kabisa na sindano mkononi. Ndipo nikamsikia mwalimu mkuu akimuuliza: akimaliza kuchapa, maswali yatabaki ndani ya hicho kidude, naye ataondoka nacho? Shemeji akasema atafuta kila kitu. Mwalimu mkuu akasema kufuta kwa namna hiyo yeye hakuoni kwa macho.

Nikaingia na toroli. Nikasema, mwalimu, kinachoingia begini kinatoka bila mtu kujua. Hii yangu nani ataiiba bila mtaa mzima kumfuata kwa pole? Ikishaingia hapa, imeingia. Nilizungumza vizuri mno. Mwalimu mkuu akaipigapiga sipiyu kwa kiganja, akasema nimemfungua akili. Basi mashine itabaki kwake, chini ya kufuli, mpaka mtoto wa mwisho amalize karatasi ya mwisho. Akamuuliza shemeji kama naye ataiacha yake. Shemeji akaikumbatia.

Nikasema yangu ibaki. Kwa sauti, mbele ya mashahidi. Ushindi!

Ijumaa, 7 Juni

Nimemaliza kuchapa yote. Umeme ulikatika katikati ya jiografia, nikaanza upya kwa kumbukumbu, na mwalimu mkuu akasema safari ya pili maswali yamekuwa magumu zaidi. Nikapokea sifa hizo.

Nimerudi na toroli tupu, shuka nimelikunja vizuri juu yake. Fundi viatu akavua kofia tena. Safari hii akaiweka kifuani. Jioni wanawake wawili wamekuja kumpa mke wangu pole.

Nilipoketi dukani ndipo nikagundua jambo. Mimi ni mchapaji, na sina cha kuchapia. Ni jambo dogo.

Jumatano, 12 Juni

Amekuja mtu wa kadi za harusi. Nikamwambia avumilie mpaka mitihani iishe. Akasema ukoo wa bibi harusi hauko tayari kusubiri karatasi ya sayansi. Kaenda kwa shemeji. Aliyemfuata naye kaenda kwa shemeji.

Mke wangu ametandaza vitambaa mezani. Anakata akiwa amesimama, tena anaimba. Siku nyingi sijamsikia akiimba. Nimeipenda sauti hiyo lakini sikumwambia, ataona nimekubali.

Ninashona vifungo. Ifahamike kwamba sikushindwa. Kazi ya shule niliipata, meza bado ni yangu, na vifungo nashona kwa hiari. Mke wangu amevifumua vinne. Anasema nimeshona mpaka mfuko wa shati ukazibika.

Jumatatu, 24 Juni

Mashine imerudi nyumbani, bila shuka. Fundi viatu alipoiona amenuna, na salamu yangu hakuitikia. Nilimwambia tangu mwanzo ni kompyuta.

Ubao wangu tu ndio umebaki. Mwalimu mkuu anazuia nao mlango wa ofisi, anasema hajawahi kupata kinachomfaa hivyo. Skrini sasa iko chini, nachapa nimeinama, na shingo imekakamaa. Mke wangu kakusanya vitambaa vyake na kurudi sakafuni. Haimbi. Hilo limenichoma kuliko shingo.

Jumanne, 25 Juni

Mke wangu amekuja na laptopu. Ni ile ya zamani ya shemeji. Ameenda kumwomba mdogo wake kwa ajili yangu, na huyo bwana katoa bure, bila hata kejeli. Kaniwekea mikononi. Amesema hataki nikiri kitu chochote. Nichukue tu, nusu ya meza iwe yangu, nusu yake, nyumba iwe na amani. Alisema kwa upole mpaka nikakosa pa kutazama.

Nimemwahidi kesho naanza kuitumia. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 26 Juni

Ahadi nimetimiza. Nimeigeuza laptopu huku na huku. Nyembamba, lakini ngumu. Nimeinua skrini na kuipenyeza chini yake. Ililia kidogo, kisha ikatulia. Sawasawa na macho! Ubao haukuwahi kukaa hivi. Kufika saa nne shingo ilikuwa imepona.

Mke wangu aliingia, akainama, akaichungulia laptopu chini ya skrini. Kisha akapiga magoti sakafuni na kuendelea kukata. Baadaye kikopo cha vifungo kikaja kikiteleza sakafuni mpaka mguuni pangu. Nikachukua sindano.

Shemeji amepiga simu kuuliza kama naitumia. Nimemwambia tangu asubuhi haijatoka mezani, na bila hiyo hata skrini nisingeiona vizuri. Amefurahi sana. Kasema alijua tu kwamba ipo siku nitaelewa. Nikamshukuru, nikaendelea na vifungo.