Chokaa ya Mama Losane

Jumatatu, 5 Juni

Tok, tok, tok. Mama akigonga kijiti kwenye mdomo wa kibuyu cha chokaa. Mlio huo umenilea. Leo umenitisha. Kliniki wamemwona doa jeupe ndani ya shavu. Aache kutafuna popoo na chokaa sasa, kabla doa halijageuka saratani. Mama kasema ataacha siku nitakayoacha mimi. "Anza wewe, msomi."

Nimeanza! Chuoni nilisoma kwamba kinachowahi kufika ubongoni ndicho king'ang'anizi zaidi. Moshi wa tumbaku hufika kwa sekunde chache. Popoo hutafunwa, huchelewa. Basi kuliacha ni rahisi. Nimejipa siku saba.

Jumanne, 6 Juni

Kichwa kinauma. Nimemkaripia kuku. Mama ananichunguza meno kila nikipiga mwayo. Naye hajatafuna tangu asubuhi.

Alhamisi, 8 Juni

Msiba. Baba mkwe wa dada amefariki. Mjane wake, Mama Losane, alinipa popoo, tambuu na kibuyu chake mwenyewe, mbele ya watu wote. Hapa Alotau, mji wetu wa pwani, anayekataa popoo la mfiwa ni kama amesema: wewe mchawi, umemla mumeo, sasa unanitilia sumu mimi.

Nikapata hila. Nilitafuna popoo, chokaa nikaiacha. Bila chokaa halipandi kichwani, kwa hiyo nisingehesabika nimekula. Nilisahau kwamba bila chokaa mate hayawi mekundu. Nikatema. Rangi ya majani! Watu wakanigeukia. Kila mtu anajua sumu hukaa kwenye chokaa.

Mama Losane aliniuliza taratibu: "Mwanangu, unadhani nilimfanya nini mume wangu?"

Nilichovya kijiti kwenye chokaa mara tatu, nikalamba. Mama yangu alikuwa kando. Alinyoosha mkono, akakipokea kibuyu baada yangu.

Ijumaa, 9 Juni

Dada amenitumia salamu: shule zote zile, na kutema sijui. Shemeji ameleta kichala kizima cha popoo, ishara kwamba yameisha. Hakirudishwi. Mama anakula polepole, upande wa shavu lisilo na doa. Anasema yeye yuko tayari siku yoyote. Anayemchelewesha ni mimi. Vitabu vilipima kasi ya kufika ubongoni. Mkono wa mjane havikuupima.

Jumapili, 11 Juni

Nimewaza siku mbili. Kosa si langu, ni la popoo: lina watu wengi mno. Sigara mtu huvuta peke yake nyuma ya nyumba, na akiikataa hajamwita mtu mchawi. Basi tumbaku ndiyo rahisi kuacha! Nimeamua tuhamie huko kwanza, halafu tuache.

Nimeshanunua misokoto kumi ya tumbaku. Wa kwanza Mama alikohoa, akasema si mbaya. Wa pili ameuwasha mwenyewe, kibuyu kikiwa mapajani.