Sheria Haikutaja Pini

Jumatatu, 12 Mei
Mwalimu Pugh katusomea tena sheria za mtihani wa fasihi. Tutaingia na riwaya, ila iwe safi: hakuna kupigia mstari, hakuna neno pembeni, hakuna kijikaratasi kilichobandikwa. Atakayekamatwa, mtihani wake unafutwa. Aliposema "unafutwa" alinitazama mimi. Kwa nini mimi? Kando yangu Heledd Mostyn anatikisa kichwa kukubali. Anayekubali sheria kwa bidii hivyo ana lake jambo. Sote wawili tunataka chuo cha Bangor. Nikikosa alama, nitakaanga chipsi dukani kwa mjomba hadi nizeeke.

Jumanne, 13 Mei
Nimemchunguza Heledd maktaba. Akiulizwa kifo cha baba kwenye riwaya, kidole chake hicho, ukurasa wenyewe. Akiulizwa mgomo wa machimbo, vilevile. Na kitabu hakina hata doa! Nikamuuliza anafanyaje. Akasema amekisoma. Jibu gani hilo? Hata mtoto angetunga uongo bora.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata! Sheria inakataza mstari, neno na kijikaratasi. Pini haikutajwa. Nimechukua pini ya Mama ya kushonea, natoboa kitundu chini ya kila neno muhimu. Hakionekani kabisa. Mama akabisha mlango wa bafu, akataka kujua nafanya nini na kitabu humo muda wote. Nikamwambia nakipa hewa. Akasema nikisome. Huyu naye kaongea na Heledd?

Alhamisi, 15 Mei
Balaa. Tundu lina pande mbili. Nilipotia alama kifo cha baba, upande wa pili imetokea kwenye mapishi ya supu. Pini nayo imepenya kurasa za mbele. Nimekiinua dirishani: chujio la chai. Sasa sijui tundu lipi ni la nini.
Mchana, bwaloni, mikoba ilikuwa imerundikwa pamoja. Vitabu vyetu vyote ni vya shule, vinafanana. Nimebadilisha changu na cha Heledd. Siri yake sasa ni yangu.

Ijumaa, 16 Mei
Nimekipekua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Nimekipitisha juu ya mvuke wa birika, labda wino uliofichwa utatokea. Hakuna. Kimefura tu kama mkate. Msichana huyu ni hodari kuliko nilivyodhani.
Heledd alinijia akiwa amepauka, akasema kitabu chake kimeliwa na wadudu. Nikampa pole. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 19 Mei
Mtihani. Mwalimu Pugh mlangoni, anakagua kitabu kimoja kimoja. Akainua cha Heledd kwenye mwanga. Heledd akasema hajui matundu yametoka wapi. Nikatazama viatu vyangu. Pugh akafungua jalada, akasoma namba ya shule, akaangalia orodha yake, akanigeukia mimi.
"Probert. Hiki ni chako. Na hicho ulichokumbatia, kilichovimba, ni cha nani?"
Heledd akachungulia matundu, kisha akanigeukia.
"Gethin, muda wote huo wa kutoboa, si ungekisoma tu?"
Pugh akatunyang'anya vyote viwili, akatoa nakala mpya kutoka kabati la ukumbi, akampa kila mmoja wetu yake. Akaniambia nimeponea chupuchupu kwa kuwa sijaingia nacho ndani, na kwamba baada ya mtihani nitamwomba Heledd msamaha mbele ya darasa.
Nikakaa. Nikafunua. Kurasa nyeupe, maneno mengi mno. Nilitafuta kifo cha baba mpaka karatasi zikakusanywa. Supu niliiona mara mbili.

Jumanne, 20 Mei
Nimeomba msamaha. Heledd kasema yamekwisha, akanigawia kipande cha keki yake ya zabibu. Mkarimu mno. Sikulala vizuri.
Kwa sababu nilimwona jana. Kitabu kipya kabisa, hajawahi kukigusa, na kidole chake kikaenda moja kwa moja, ukurasa baada ya ukurasa. Yawezekanaje? Nimefikiri tangu asubuhi, na jibu ni moja tu. Aliingia ukumbini mapema, akatia alama nakala zote za kabatini.
Mtihani wa tamthilia ni mwezi ujao. Safari hii nitamtangulia kwenye kabati. Nimeshamwomba Mama pini nyingine, nyembamba zaidi.