Uenyekiti na Joka Msahaulifu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Uenyekiti wa chama cha wasomaji ni wangu. Mwenyekiti wetu amehama mji, na mkutubi ametangaza kwamba Jumamosi kila anayekitaka kiti atasimama aeleze riwaya ya fantasia aliyoisoma karibuni. Tumejitokeza wawili: mimi na Mwalimu wa Kuogelea. Yule bwana husoma hata maandishi ya chupa za shampuu.

Nimeazima kitabu kinene kuliko vyote. Ufalme, joka, mto unaohama usiku. Mkutubi akauliza kama nina hakika. Nikacheka kicheko cha msomaji mzoefu.

Baadaye: nimesoma kurasa za mwanzo. Maoni yangu: wanatembea mno. Hakuna anayevua viatu. Nimesinzia kabla hawajafika popote.

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu, ninayeishi naye, alishakisoma! Bahati iliyoje! Nikaosha vyombo, nikamsifia nywele, kisha nikamwomba anisimulie. Akasema nywele hizo ni za wiki iliyopita, akauliza kama anitafunie na chakula pia.

Vyombo nilishaviosha. Hasara tupu.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Kazi yangu ni kutengeneza miwani. Mteja akichukua miwani mpya, humpa kijikaratasi asome kwa sauti, aone kama herufi zimetulia. Leo kijikaratasi nimekificha. Nimewapa joka. Wao wanasoma, mimi nasaga lenzi.

Seremala kasoma harusi ya binti mfalme. Muuguzi kafungua kwingine, kasoma mazishi ya huyohuyo. Mpiga picha kaangukia mahali ambapo binti hajazaliwa bado. Si neno, nitapanga mwenyewe.

Bosi akauliza kwa nini wateja hawatoki. Nikamwambia ni huduma bora. Hakuonekana kuridhika.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja Mama Jaji, jaji mstaafu, mwenye sauti inayoweza kuamuru hata viti. Akafungua mahali ambapo joka limezeeka na kumsahau kila mtu. Mwanamke aliyelilea tangu likiwa yai huenda kuliosha magamba kila asubuhi, na kila asubuhi hujitambulisha upya. Joka linamwambia ana mikono mizuri, linamuuliza kama amewahi kuosha joka. Naye anajibu kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Nikazima mashine. Nikamwomba aurudie ukurasa, nikisingizia lenzi ya kushoto. Akarudia. Vumbi la lenzi likaniingia machoni. Yote mawili.

Nilipotaka kitabu changu, akanijibu hajamaliza. Akakaa hadi tunafunga, kisha akaondoka nacho! Nikamkumbusha ni cha maktaba. Akasema maktaba anaijua ilipo.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi mbele ya kioo, bila kitabu. Jambo moja linanitatiza: hakuna mteja aliyesoma vita. Fantasia bila vita? Lazima vimo, kurasa ndizo hazikufunguliwa. Nimeviongeza. Tumeshinda.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu wa Kuogelea alitangulia. Kitabu chembamba, mji wa watu wanaokodisha vivuli vyao. Akasema katikati kilimchosha, akakiweka kando, kisha akakikumbuka akiwa kazini akakirudia. Anaomba kura huku akikiri kuchoka! Nikamhurumia.

Zamu yangu. Binti mfalme akazikwa, akaolewa, akazaliwa. Mtu akauliza kama huo ni uchawi. Nikasema ndio wenyewe. Kisha mkutubi akauliza ni wapi paliponigusa zaidi.

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini mwenyekiti mtarajiwa atasimamaje mbele za watu aseme kaguswa na mtu anayeosha joka? Nikasema: vita.

"Vita vipi?" Sauti ilitoka nyuma. Mama Jaji! Kitabu mapajani. "Mwanangu, nimekimaliza jana. Humu hakuna hata kofi."

Akanitazama juu ya miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu, akasema kwa upole, "Hebu waambie ule ukurasa ulioniomba niurudie. Pale ulikuwa unasikiliza kweli."

Nikamjibu kwamba nilikuwa napima lenzi.

Dada, aliyekuja kunipigia kura, akajifunika uso kwa mkoba.

Basi Mama Jaji akausoma mwenyewe. Mwalimu wa Kuogelea akapenga kamasi waziwazi. Mimi nikatazama dari, dari nzuri sana. Kura zikapigwa: Mama Jaji! Hakuwa hata mwanachama. Wakamwandikisha palepale ili wapate kumchagua.

Jumapili, 9 Machi

Dada ameniambia ningesema ukweli kuhusu ukurasa ule, kiti kingekuwa changu. Amesema watu walikuwa wanangoja tu niseme. Nikamwambia macho yangu yana mzio. Akaondoka chumbani.

Nimelitafakari jambo hili bila hasira. Kosa liko wazi: kitabu kile kilikuwa na msomaji mwingine. Mtu pekee asiyeweza kuulizwa vita viko wapi ni mtunzi. Kwa hiyo naandika riwaya yangu. Tayari nimemaliza jina langu la jalada, shukrani, na hotuba ya uzinduzi. Kilichobaki ni hadithi tu. Kesho nitampitia Mwalimu wa Kuogelea pale bwawani, nimuulize kama ana nafasi ya kuniandikia.