Petroli Iliyoongezeka Mlimani

Jumanne, 6 Agosti 1996

Likizo ya pili. Mvua tangu mchana. Naandika nikiwa ndani ya gari la Baba, kwenye banda, ng'ombe wetu mmoja akitafuna upande wa pili wa mabati.

Habari mbaya! Baba anataka kulitoa gari. Alisema wakati wa chai bila kuinua macho. Mzee Nyamwange wa Chepilat ana mtamba wa Friesian na anatafuta gari la kubebea maarusi. Sisi tuna gari, maziwa hayatutoshi. Wabadilishane. Mama akasema amina. Dada yangu Fancy akauliza mtamba ni wa rangi gani. Mimi sikusema kitu. Huwa sisemi kitu.

Gari ni la spoti, la kijani, viti viwili, paa la turubai. Meneja wa shamba la chai alimwachia Baba, aliyekuwa dereva wake, alipostaafu na kurudi kwao. Kila mtu hapa Silibwet hulicheka kwa sababu halibebi hata gunia moja la mahindi. Kwangu ni maktaba. Hakuna anayeniuliza mbona nimenyamaza.

Na kuna jambo jingine. Mezani Baba husema neno moja: chumvi. Lakini tukiinamia injini, yeye kulia mimi kushoto, macho yote kwenye mashine, huzungumza. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliwahi kutoroka shule, na kwamba alimwogopa babu mpaka siku ya mazishi yake. Mtamba hana boneti.

Sababu ya Baba: tangu Pasaka sindano ya geji ya joto imekwama kwenye nyekundu, hata injini ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Anasema gari lenye homa isiyokwisha halina faida kwa mtu.

Mpango: nitaiponya homa. Baba atalipenda tena. Mtamba abaki Chepilat.

Jumatano, 7 Agosti

Nimesoma kitabu cha gari. Panya wamekula sura ya breki, lakini sura ya umeme ni nzima. Kinasema: ng'oa waya wa joto kwenye injini. Sindano ikishuka, waya ni mzima. Isiposhuka, waya umegusa chuma mahali fulani.

Nikang'oa. Haikushuka! Nikafuata waya kwa vidole, pole pole, na nyuma ya injini nikakuta mahali ambapo plastiki imelika, shaba imelalia chuma. Niliyegundua ni mimi, Kipkirui arap Langat, peke yangu.

Dakika ile ile akatokea Ombui na baiskeli yake. Baba yake ana duka la redio pale senta. Muhula uliopita alinishinda Fizikia kwa alama moja na hajasahau kunikumbusha. Alichungulia, akasema nisiguse kitu nisije nikachoma boma la watu. Nikamwambia asante kwa kunitembelea. Nilikuwa na jibu kali zaidi, ila lilinijia alipokuwa ameshafika barabarani.

Alhamisi, 8 Agosti

Kazi kubwa. Baba alikuja kunisaidia! Tulifunga tepu palipolika. Kuufikia waya ilibidi tuvute fungu zima kutoka nyuma ya dashibodi, na nyaya mbili zikachomoka: ya geji ya joto na ya geji ya petroli. Baba akaniambia zilikotoka ni moja juu, moja chini. Hakukumbuka ipi ni ipi. Kisha akaanza kunisimulia jinsi meneja alivyomfundisha kuendesha gari hili kwenye barabara za chai, wachumaji wakipiga makofi kila alipokwepa shimo. Mama akamwita akamue. Hadithi ikakatika katikati.

Nikarudisha nyaya mwenyewe. Kitabu kinasema kijani chenye mstari wa bluu ni joto, kijani chenye mstari mweusi ni tangi la petroli. Chini ya dashibodi kulikuwa na giza, nikawasha koroboi. Kwa mwanga wa koroboi, bluu na nyeusi ni ndugu wa tumbo moja. Niliamua kwa kujiamini.

Tukajaribu. Sindano ya joto ikatoka kwenye nyekundu, ikatulia katikati kabisa, mahali pa afya! Baba akaniwekea mkono begani. Akanishukuru kwa lugha yetu: "Kongoi, arap Langat." Hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la mtu mzima.

Ijumaa, 9 Agosti

Ajabu. Tulienda na Baba mpaka senta na kurudi. Asubuhi geji ya petroli ilionyesha tangi halina kitu, ingawa Baba anajua lilikuwa nusu. Tulipokwenda ikaanza kupanda. Robo. Nusu. Tulipofika nyumbani, imejaa karibu kabisa! Na sindano ya joto badala ya kupanda ikashuka kidogo.

Baba alizima injini, akaigonga ile geji kwa kidole.

Nimelifikiria kisayansi. Vitu vikipashwa moto hupanuka. Tulisoma Kidato cha Kwanza. Petroli imepanuka. Na joto limeshuka kwa sababu ya hewa ya kwetu. Nilimweleza Baba. Akasema elimu ni kitu kizuri, na akaahirisha kununua petroli.

Jumapili, 11 Agosti

Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema ametembelewa hata kwenye tangi la petroli. Wamama wakaimba. Mchungaji akamuuliza Baba kama gari laweza kumfikisha Bomet Jumanne.

Nilifurahi mpaka saa kumi jioni, dereva wa lori la maziwa alipoleta ujumbe. Nyamwange amesikia habari. Yeye ni Msabato, jana hakugusa biashara, lakini kesho anakuja na mtamba tayari kwenye pikapu. Gari ambalo petroli yake huongezeka, amesema, ni la kubeba maarusi mpaka Kisumu. Ataongeza na mbuzi.

Nimeliponya kupita kiasi!

Mpango wa pili: nilimwomba Fancy alie mbele ya mgeni. Akasema atalia nikimpa redio yangu. Nikakataa. Mpango wa pili umekufa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mtamba ni mweusi na mweupe, macho mapole. Fancy ameshampa jina. Mama alimpapasa shingoni akasema sasa tutakunywa chai ya rangi kwa kupenda tu, si kwa kukosa. Hilo lilinichoma. Sikuwa nimewaza upande huo.

Nyamwange alitaka kuliona gari likipanda mlima wa kutoka mtoni. Baba kwenye usukani, yeye pembeni, mimi nimekunjwa nyuma ya viti kama mwavuli. Nyamwange akaona geji ya petroli, akashtuka. "Baba Fancy, hili tangi si ni kavu?"

Baba akamjibu kwa upole: "Ngoja lipate moto. Litajaa."

Na likajaa! Nyamwange alipiga paja lake kila sindano iliposogea. Sindano ya joto nayo ilizidi kushuka mpaka ikalala kwenye baridi. Nyamwange akasema injini hii imezaliwa kwenye friji. Tulipofika katikati ya mlima, petroli ilikuwa imepita alama ya kujaa, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nyamwange akapiga kelele kwamba petroli inafurika, tutaungua! Injini ikakohoa mara tatu. Ikafa.

Watu walitoka kwenye majani chai kutazama. Na nani aliyekuwa akishuka kwa baiskeli? Ombui. Alichungulia geji, akagonga tangi kwa kidole, akasikiliza. Kisha akasema mbele ya umati wote: "Wewe Kipkirui, umebadilisha nyaya! Hii ya petroli inapima moto. Hii ya moto inapima petroli. Maji yenu yanachemka na tangi halina hata tone!"

Wachumaji wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Baba hakunitazama. Nyamwange alishuka, akajipangusa suruali, akasema bibi arusi hawezi kusukuma gari. Amerudi Chepilat na mtamba wake na mbuzi wake.

Gari linabaki. Ndicho nilichotaka. Mama amenipakulia ugali na kunigeuzia mgongo. Fancy analia, na sasa ni bure.

Jumatano, 14 Agosti

Ombui anasema nibadilishe nyaya, basi. Sitafanya alilosema Ombui. Nilikaa garini nikawaza, nikapata njia ya juu zaidi: geji mbili zina ukubwa mmoja. Nyaya zibaki zilipo. Nitahamisha geji zenyewe! Nilifanya hivyo Baba alipokuwa amepeleka majani ya chai kituoni kuuza.

Alirudi, akaongeza maji na petroli ya kopo, akaniita. Aliwasha injini. Tukatazama.

Petroli: hakuna. Kisha robo. Kisha nusu.

Baba alinigeukia pole pole. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kumbe asubuhi, kabla ya kwenda kituoni, alikuwa amebadilisha nyaya yeye mwenyewe, ili anishtukize.

Alicheka mpaka ng'ombe akaacha kutafuna. Kisha akafungua boneti ingawa dashibodi ndiyo yenye shida, akasimama kulia, mimi kushoto. Akasema, basi, siku ile kwenye barabara za chai, ilikuwa hivi. Akaimaliza hadithi. Aliniambia pia kwamba mtamba tutampata kwa njia nyingine, na kwamba nimwombe Mama msamaha. Nimeomba. Amesema ataona.

Nimelichunguza suala zima kwa utulivu. Kosa si la Baba. Wala si langu, ukitazama vizuri. Ni betri. Kesho alfajiri, kabla Baba hajaamka, naanza na betri.