Sindano ya Kwanza, Wiki ya Mavuno

Jumanne, 3 Juni

Nimechomwa sindano ya kwanza ya kupunguza mwili. Nesi Rosalind amerudia maelezo mara mbili. Dozi ndogo, mara moja kwa wiki, siku ileile. Ataipandisha daktari, si mimi. Nile kidogo, polepole, niache tumbo likisema basi. Kichefuchefu huenda kikaja. Tumbo likiuma vikali bila kukoma, hospitali, bila kusubiri. Na niwaambie watu ninaokula nao.

Nimeandika yote isipokuwa hilo la mwisho. Ofisini watanicheka. Lakini sukari yangu imefika mpakani, na baba alikatwa mguu kwa sukari. Miguu yangu naitaka yote miwili.

Mpango: nitasema jino linaniuma.

Alhamisi, 5 Juni

Gawai, sikukuu yetu ya mavuno, haijatutoka. Kila dawati lina sahani. Munan, karani mwenzangu, kaleta kuku wa mama yake aliyepikwa ndani ya mwanzi. Nikasema jino. Akauliza ni jino gani hilo, mbona wiki iliyopita lilimaliza keki peke yake? Wakacheka. Nikajificha kwenye mafaili.

Saa nane nikakumbuka: sikuigusa sahani! Sisi watu wa kabila la Waiban tunajua. Ukikataa chakula bila kukigusa japo kwa kidole, balaa linakufuata, la nyoka au la mamba. Nikarudi mbio. Mifupa mitupu. Munan akanipa pole, akasema nisipite karibu na mto, mamba hawasikilizi habari za meno.

Mto uko nyuma ya ofisi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Mama Munan kugusa kuku. Hakuna kilichobaki, kwa hiyo akapika upya, kwa ajili yangu. Kidole kingetosha. Lakini alisimama mbele yangu na mwiko, anatabasamu. Kijiko cha nne, tumbo likasema basi. Nikamaliza sahani mbili.

Nimetapika kwenye maua yake. Mama akasema, taratibu, kwamba amepika miaka arobaini na hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kumrudishia. Nikamwambia jino limeshuka tumboni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempigia Nesi Rosalind. Maumivu yanaendelea? Hapana. Maji yanakaa? Yanakaa. Basi ninywe kidogo kidogo, na sindano ibaki siku yake. Kisha akasema, Jantai, mdogo wangu, dawa haina neno na wewe, ni aibu tu inayokusumbua. Waambie. Nimemwahidi.

Jumanne, 10 Juni

Sindano ya pili. Nimepungua kilo moja na robo. Sikuamini, nikavua viatu na saa, nikapanda tena mzani. Nesi kacheka. Kasema tukienda hivi, miguu ile itazeeka nami. Nimetoka zahanati nikitembea kama mtu mwenye miguu mipya.

Kisha ofisini nimewaambia: marehemu babu kanijia ndotoni, kanikataza kula zaidi ya vijiko vitatu. Hakuna aliyecheka, ndoto kwetu haina mzaha. Munan mwenyewe kaniwekea vitatu, kavihesabu kwa sauti. Mama yake kanisamehe.

Mkuu wa ofisi kaniita pembeni kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Anaomba nimuulize babu kuhusu uhamisho wake wa kwenda mjini. Jibu analitaka kesho.

Naandika majibu ya babu. Nimefika ukurasa wa pili.