Koti la Sponji

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kaingia timu ya bunduki za rangi! Wanavaa vinyago vya kukinga macho, wanajibanza nyuma ya matairi, wanalengana kwa vidonge vya rangi. Kikikupasukia umekufa, unatoka nje mkono juu. Mtoto ambaye hata mende anamhurumia! Leo mazoezini kawatoa wakubwa zake mmoja mmoja. Machozi yakanitoka mbele za watu, nikasingizia vumbi. Jirani yangu muuza nyama, ambaye mwanawe yumo timu hiyohiyo, kaniambia kocha atachagua nahodha Jumamosi baada ya mechi. Tena nisijisumbue kuja, maana nahodha keshapatikana nyumbani kwake. Tutaona!

Jumanne, 5 Machi
Tukiwa mezani binti kaeleza sheria. Kidonge kikidunda bila kupasuka, hakihesabiki. Kijiko kikaniganda mdomoni. Kwenye kitu kigumu kinapasuka. Kwenye kitu laini, je? Na mimi si fundi cherehani? Nimechana mto wa kochi, nikatoa sponji, nashona koti. Binti nimemwambia ni la kuzuia baridi. Kasema mbona kuna joto. Nikamjibu kwamba baridi haipigi hodi.

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio nyuma ya nyumba. Mimi ndani ya koti, mke wangu na bunduki ambayo binti ameazimwa na timu. Kidonge cha kwanza kikadunda! Cha pili kikadunda! Nikacheza. Cha tatu kikatua pajani, na hicho kilipasuka vizuri sana. Mke wangu anaapa mkono uliteleza. Halafu akauliza, bila haraka, mto wa kochi lake umekwenda wapi. Nachechemea, lakini kwa furaha.

Jumamosi, 9 Machi
Binti kalivaa koti, kafunga zipu mpaka shingoni. Mtoto msikivu! Nilimwona kama kapungua mwili, nikadhani ni wasiwasi wa mechi. Wapi! Kaingia uwanjani kwa tumbo, kaibukia kwenye matairi, kawafyeka wapinzani kushoto na kulia. Mwana wa muuza nyama alitolewa mapema, akifunga kamba za viatu. Sikucheka. Nilikohoa tu, kwa muda mrefu.

Kisha mpinzani mmoja akamvizia binti, akampiga mgongoni. Refa alikuwa anatazama kwingine. Nikapaza sauti kwamba kimedunda, nimekiona mwenyewe, mchezo uendelee! Binti akasimama. Akanyoosha mkono juu. Akanigeuzia mgongo, nami nikaona doa la njano, kubwa kama sahani. Akatoka nje mwenyewe, na bila yeye timu ikashindwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kocha akawakusanya, akasema nahodha anayemtaka ni yule anayejitoa hata refa asipoona. Akamwita binti yangu! Nililia kwa sauti. Safari hii vumbi sikulitaja. Muuza nyama naye alikuja kunipa mkono, akauliza mtoto huyu uaminifu kaurithi kwa nani. Nikamwambia swali gani hilo.

Jumapili, 10 Machi
Mto wa kochi umerudi mahali pake, umejaa sponji. Kumbe binti alilifumua koti tangu Ijumaa, akatoa kila kitu, akalishona upya. Nimekagua mshono. Hauonekani! Hata mimi nisingeweza kuushinda, na nasema hivyo kwa kujivuna. Baadaye kaja kukaa karibu yangu, kaniambia taratibu kwamba koti linamkaa vizuri na ananishukuru, lakini akipigwa, kapigwa, na nisimwekee tena sponji kwenye koti. Nikamkumbatia. Nimemwelewa kabisa.

Suruali hakuitaja. Na paja langu linajua panapouma. Mke wangu akitoka tu, nachana mto wa pili.